Tumchangie Mtoto Rehema

Tupokigwe alikuwa anashona kava la kochi la watu watatu siku Tunu alipomletea simu na kumwambia wamchangie mtoto.

Ilikuwa Agosti 2021, wimbi la tatu la Uviko. Pale Keko, mtaa wa mafundi samani, randa zilikuwa zinapigwa kama kawaida na misumari inagongwa kama kawaida, lakini kila kibanda kilikuwa na ndoo ya kunawia mlangoni, na haikupita asubuhi bila mtu kuja na habari ya msiba. Hakuna aliyesema marehemu kaumwa nini. Walisema "kifua", halafu wakatazama pembeni.

Tunu ndiye aliyekuwa anakata sponji kwenye kibanda chao, binti wa miaka ishirini na nne, mzaliwa wa Temeke, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kulia. Hakuwa hata na mwaka mmoja kazini pale. Siku hiyo barakoa yake ilikuwa kidevuni na macho yameshaiva.

"Dada Tupo, hebu acha kwanza hiyo cherehani. Muone huyu mtoto. Mie hata chai imenishinda."

Tupokigwe alifuta mikono kwenye kanga, akaipokea simu.

Mtoto kwenye picha alikuwa kitandani, ameegemezwa mto, barakoa ya oksijeni imemfunika pua na mdomo. Alivaa sweta la njano lenye vifungo vya bluu. Kifungo kimoja hakikuwepo, na mahali pake palikuwa pamebanwa kwa pini. Alikuwa ameinua dole gumba, anamwangalia mpiga picha kwa macho makubwa yaliyochoka. Chini yake paliandikwa: *Mtoto Rehema, miaka saba, anapigania pumzi. Uviko umemchukua baba yake, sasa unamtaka na yeye. Mama hana uwezo wa oksijeni. Chochote ulicho nacho. Tumchangie mtoto Rehema.* Halafu namba ya simu.

Tupokigwe aliitazama ile pini. Ni yeye aliyeibana, kwa mkono wake mwenyewe.

"Bado yuko hospitali?" akauliza.

"Yuko. Si unaona wanasema oksijeni..."

"Hospitali gani? Wodi gani? Nani yuko naye?" Alishasimama. Alikuwa anavuta mkoba wake chini ya meza, na kwa mguu mmoja anatafuta kiatu. "Mbona hawakunipigia?"

Tunu akamshangaa. "Dada, kwani unamjua?"

Swali hilo ndilo lililomrudisha. Kiatu kilikuwa kimeshaingia mguuni. Tupokigwe alikaa chini, juu ya sponji zilizokatwa, na simu mkononi.

"Huyu ni Sekela," alisema. "Huyu mwanangu."

Tunu aliwahi kusikia kwamba dada Tupo alifiwa na mtoto. Picha yake hajawahi kuiona, maana Tupokigwe hakuwa mtu wa kuonyesha picha. Alijiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Mie nimeshatuma elfu kumi," akasema mwishowe, kama mtu anayekiri kosa.

Sekela alikuwa na selimundu. Alikufa Machi 2018, kifua kilipombana, baada ya siku kumi na tisa wodini. Tupokigwe ndiye aliyemwosha, yeye na shangazi wawili wa mtoto. Wakampeleka Tukuyu, wakamzika kwa babu yake, nyuma ya migomba. Yote hayo aliyajua kama anavyolijua jina lake. Na bado alikuwa amesimama pale na mkoba, anakwenda hospitali.

Aliendelea kusoma. Watu zaidi ya elfu mbili walikuwa wameandika. *Pona malaika, shule inakungoja. Ee Mungu usimchukue na huyu. Nimetuma kidogo, naomba mama yake asikate tamaa.* Mwanamke mmoja wa Singida aliandika kwamba jumuiya yao imefunga siku tatu kwa ajili ya Rehema. Sekela alipokuwa anaumwa kweli, waliokuja kumwona ungeweza kuwahesabu kwa vidole. Sasa nchi nzima ilikuwa imepiga magoti kumwombea apone, na yeye ana miaka mitatu udongoni.

Alimpigia mumewe. Benson alikuwa karani wa ghala moja karibu na bandari, mtu wa maneno machache, na tangu msiba ule yalikuwa yamepungua zaidi. Tupokigwe alimtumia picha kwanza, halafu akapiga. Alisikia winchi zikinguruma, alisikia pumzi za mumewe.

"Ben?"

"Naiona," Benson alisema. "Nani kafanya hivi?" Na kabla hajajibiwa, "Nani, Tupo? Nani mwenye hii picha?"

Mchana huo simu haikupoa. Binamu yao wa Mbeya alipiga kwa hasira kuuliza kama walimdanganya kuhusu kifo, maana mchango wa jeneza alitoa. Wa mwisho kupiga alikuwa mama yake Tupokigwe, kutoka Tukuyu, ambaye jirani alimwonyesha ile picha kwenye simu yake.

"Mwanangu," bibi alisema, "nimeona sweta langu, lile nililomfumia Sekela."

"Ni picha ya zamani, mama."

"Najua ni ya zamani. Ila nilipoliona sweta nikasema, labda sisi ndio tulikosea. Labda tulimzika mtoto wa watu. Nisamehe. Mimi ni mzee."

Jioni, nyumbani kwao Yombo, Tupokigwe alitoa simu yake ya zamani kabatini, ile yenye kioo kilichopasuka, akaichaji. Picha ilikuwamo. Yake ilikuwa pana kuliko ile ya mtandaoni. Upande wa kushoto, pale ambapo ile ya mtandaoni ilikatwa, palionekana mkono mwembamba wa mtoto mwingine wenye plasta ya dripu, umemshika Sekela begani. Ukirudi kwenye ile iliyokatwa na kuangalia vizuri, ungeona ncha za vidole viwili zimebaki kwenye sweta.

"Naima," Tupokigwe alisema.

Naima alikuwa mtoto wa kitanda cha pili, naye wa selimundu, umri wake Sekela. Mama yake aliitwa Mwanaheri. Wale mama wawili walilala mkeka mmoja sakafuni kati ya vile vitanda kwa siku zote kumi na tisa. Ndugu zake Mwanaheri walikuwa wakileta wali na samaki wa kupaka, na hakula hata siku moja bila kumgawia Tupokigwe. Alfajiri ile Sekela alipokata roho, Tupokigwe aliganda kama mti, na aliyenyoosha mkono kumfumba mtoto macho alikuwa Mwanaheri. Siku chache baada ya mazishi Mwanaheri alituma ujumbe: Naima anamuulizia rafiki yake, hata picha tu. Tupokigwe akamtumia hiyo. Ukiacha Benson na bibi, hakuna mwingine aliyewahi kuipata.

"Haiwezekani ni yeye," alimwambia mumewe. "Labda kaibiwa simu."

Benson hakubishana. Alichukua simu yake, akabonyeza kama mtu anayetuma elfu moja kwenye ile namba ya mchango. Kabla ya kuweka namba ya siri, jina la mpokeaji likatokea. Akamgeuzia mkewe asome. Mwanaheri Shomari.

"Kesho asubuhi naenda polisi," Benson alisema.

"Nipe mpaka saa sita. Nataka nimwone kwanza."

"Umwone ufanye nini?"

"Sijui, Ben. Nataka aniangalie."

*

Mwanaheri alikuwa anakaa Mtoni, kwenye nyumba ya wapangaji yenye ukumbi mrefu na vyumba pande zote mbili. Tupokigwe aliwahi kufika mara moja, mwaka ule wa msiba. Njia nzima alikuwa anajiandaa kwa atakachokikuta: luninga ya ukutani, friji jipya, makochi ya ngozi. Alishajua hata atakachosema akiyaona makochi.

Aligonga mlango wa chumba cha mwisho. Aliyefungua alikuwa binti mrefu, mwembamba, kichwani mtandio, puani barakoa ya kitambaa.

"Shikamoo, mama Sekela," binti alisema.

Ilichukua muda kabla Tupokigwe hajaelewa kwamba aliyesimama mbele yake ni Naima. Naima aliyekuwa hoi kuliko Sekela. Naima ambaye madaktari walikuwa wanapita kitanda chake wakitikisa vichwa. Sasa alikuwa na miaka kumi, anamfika begani. Kumbe Sekela naye angekuwa hivi. Tupokigwe alishika fremu ya mlango.

"Marahaba," akasema. "Mama yuko?"

"Yuko ndani, anamgeuza baba."

Hakukuwa na luninga. Palipokuwa na kabati zamani palikuwa peupe, alama tu ya miguu yake sakafuni. Kwenye godoro chini, mwanaume alikuwa amelala kifudifudi, mto kifuani, mbavu zikipanda na kushuka kama za kuku aliyekimbizwa. Kando yake ulisimama mtungi wa oksijeni, wenye kutu chini, na mpira wake ukaenda mpaka kwenye barakoa usoni mwake. Huyo alikuwa Mfaume, mume wa Mwanaheri, fundi wa majokofu. Tupokigwe alimkumbuka mtu mnene, mchekeshaji, aliyekuwa akiwaletea wodini barafu za ubuyu.

Mwanaheri alikuwa amepiga magoti kando ya godoro. Aliinua uso, akamwona mgeni, na hakujifanya hajui.

"Nilijua utakuja," alisema. "Nilikuwa naomba uje jana."

Tupokigwe alikuwa na maneno mengi. Yalimtoka mawili tu.

"Mwanaheri. Sekela?"

Mwanaheri alimwambia Naima aende uani akaangalie uji. Binti alitoka, lakini hatua zake ziliishia nyuma ya pazia. Mwanaheri alichukua simu yake, akatafuta, akampa Tupokigwe. Ulikuwa ukurasa uleule wa michango, tangazo la wiki mbili nyuma. Picha ya Mfaume mwenyewe, amelala na barakoa. *Huyu ni mume wangu, fundi Mfaume, miaka arobaini na mmoja. Ana Uviko. Hospitali wametuambia vitanda vyenye oksijeni vimejaa. Tunaomba msaada tukodi mtungi.* Chini yake walikuwa wameandika watu watano. Mmoja alisema amina. Mmoja aliuliza kama wana bima. Mmoja alisema mwanaume mzima ajipambanie, watoto ndio wa kuchangiwa.

"Siku tano," Mwanaheri alisema. "Ilipatikana elfu kumi na saba. Niliuza kabati, niliuza cherehani, nikauza mpaka vyombo vya harusi. Mtungi mmoja unakwisha kwa siku moja na kidogo. Watu hawamchangii mtu mzima, Tupo. Mtu mzima akiumwa wanasema Mungu ni mwema, wanapita."

"Ukamtia mwanangu."

"Nikamtia."

"Wako si unaye? Si huyo hapo nje? Kwa nini hukumweka wa kwako?"

Mtungi ulikuwa unatoa sauti ndogo, kama mtu anayemkataza mwingine asiongee.

"Niliogopa," Mwanaheri alisema. "Nilitaka kumweka Naima, nikaogopa kumtabiria. Ukisema mtoto wako mzima ni mgonjwa, Mungu akisikia je? Nikasema wa kwako... wa kwako hawezi kudhurika tena."

Tupokigwe alisikia maneno yale moja moja, kama mtu anayesikia chombo kikivunjika chumba cha pili na kujaribu kukisia ni kipi. Alikuwa ameshajiandaa kwa uongo. Alijiandaa kwa machozi, hata kwa matusi. Kwa hili hakujiandaa, kwa sababu lilikuwa kweli. Sekela hawezi kudhurika tena. Na Mwanaheri alishaliwaza hilo, akalipima, akaliona lina faida.

Aliinua mkono. Hakujua kama anataka kupiga au kujishika kichwa. Kabla hajajua, kitu kilisogea godoroni.

Mfaume alikuwa amegeuza uso. Macho yalikuwa wazi.

"Mwanaheri," alisema ndani ya barakoa, neno kwa pumzi, neno kwa pumzi. "Mtoto... gani?"

Hakujua. Aliambiwa pesa inatoka kwa kaka zake wa Kilwa. Mfaume alimtazama Tupokigwe kwa muda, akamkumbuka, na uso wake ukabadilika vibaya sana. Aliinua mkono, akaushika mpira wa oksijeni, akaivua barakoa.

"Baba!" Naima aliingia mbio, pazia likachanika kwenye misumari.

Mwanaheri aliirudisha, Mfaume akaivua tena. Hakuwa na nguvu ya kuinua glasi ya maji, ila nguvu ya hilo alikuwa nayo. "Sitaki," alisema. "Pumzi ya... maiti ya mtoto. Sitaki." Midomo ilishaanza kubadilika rangi. Naima alikuwa analia kwa sauti, Mwanaheri anamsihi mumewe kwa jina la Mtume na kwa jina la mama yake, na mkono wa Mfaume unarudi kuivua kila inapowekwa.

Tupokigwe alipiga magoti. Aliichukua barakoa kutoka mikononi mwa Mwanaheri, akambana Mfaume usoni nayo, kwa nguvu, kama alivyokuwa akifanya na Sekela alipokuwa anaikataa.

"Vaa, shemeji," alisema. "Mie sikuja hapa kuua mtu. Vaa."

Mfaume alimtazama. Machozi yalimshuka pembeni, yakaingia masikioni. Hakuivua tena.

Walikaa hivyo mpaka mbavu zikapunguza mbio. Kisha Tupokigwe, bila kuondoa mkono wake kwenye ile barakoa, akamwambia Mwanaheri, "Futa ile picha. Sasa hivi, nikiona. Halafu andika ukweli."

"Mtungi huu unakwisha leo jioni, Tupo. Nikiandika ukweli hakuna atakayetuma. Nipe mpaka kesho tu. Kesho nafuta."

"Sasa hivi."

Mwanaheri alifuta. Kuandika kulimshinda, kwa hiyo aliyeandika alikuwa Naima, kwa vidole vyepesi vya watoto wa siku hizi, mama yake akimtajia: kwamba hakuna mtoto Rehema. Kwamba picha ni ya Sekela, binti wa mtu mwingine, aliyefariki mwaka 2018. Kwamba mgonjwa ni mume wake, yuko nyumbani Mtoni, na hii hapa picha yake. Kwamba anaomba radhi kwa mama wa mtoto na kwa wote.

Walidhani watu wangekasirika. Hawakujua watu wana hasira kiasi gani. Kabla uji haujaiva maandishi yalishapita mia tano. Mwizi. Mchawi. *Na huyo mumeo afe tumzike.* *Nilimnyima mwanangu hela ya daftari nikakutumia wewe mbwa.* Mtu aliandika kwamba anaijua nyumba. Mwanamke wa Singida aliandika mstari mmoja tu: *Tulifunga siku tatu.* Naima alikuwa anasoma kwa sauti ya chini mpaka Tupokigwe akamnyang'anya simu. Saa tisa ukaingia ujumbe kutoka kampuni ya simu: kutokana na malalamiko ya wateja, namba imezuiwa kwa muda, pesa iliyomo haitatoka mpaka uchunguzi ukamilike.

Mwanaheri aliusoma, akaiweka simu chini, akaanza kufunga na kufungua fundo la kanga yake.

Tupokigwe alipaswa kuondoka muda huo. Benson alishapiga mara nne. Saa sita ilipita zamani. Lakini hakuinuka. Mshale wa kwenye mtungi ulikuwa umeshaingia kwenye wekundu, na yeye ndiye aliyesema sasa hivi.

Mlango uligongwa kwa ngumi. Naima alijificha nyuma ya mama yake. Wote walifikiri ni yule aliyesema anaijua nyumba.

Aliyeingia alikuwa Mama Rogers, mpangaji wa chumba cha pili, Mhaya mmoja mpana aliyekuwa akiuza ndizi sokoni Temeke. Barakoa mbili usoni, simu mkononi kama rungu.

"Mwanaheri!" alifoka. "Mimi nasoma habari zako kwenye simu? Mimi? Ukuta huu," akaupiga kofi, "huu hapa! Wiki tatu nasikia mtu anakohoa, unaniambia ni pumu! Unaomba watu wa Singida, na mie niko hapa nakaanga samaki?"

"Nilidhani mtatukimbia," Mwanaheri alisema. "Mwenye nyumba alisema mwenye Uviko atoke."

"Mwenye nyumba ana wazimu! Mtungi unakodiwa wapi?"

Mwanaheri alitaja. Mama Rogers alitoka bila kuaga, akasikika ukumbini akigonga mlango baada ya mlango. Si wote waliofungua. Familia ya chumba cha mbele walibeba watoto wao wakaondoka jioni ileile, na hawakurudi. Lakini mjumbe wa mtaa, Mzee Mashaka, alikuja mpaka dirishani na kofia yake mkononi, akawataka radhi kwa kutoingia ndani, maana naye alikuwa na kifua, akapitisha noti zilizokunjwa kwenye nondo. Kijana wa bajaji akasema ataleta mtungi bila nauli. Msikitini, baada ya alasiri, likatangazwa jina la Mfaume, achangiwe. Mtungi mpya uliingia ndani kabla ya magharibi, ule wa zamani ukiwa unapumua kwa shida kuliko mgonjwa.

Tupokigwe alimsaidia Mama Rogers kuufunga mpira. Kisha akachukua mkoba wake. Mwanaheri alimfuata mpaka mlangoni, akafungua mdomo.

"Usiseme," Tupokigwe alimwambia. "Leo usiniambie kitu."

*

Benson alikuwa ameshakwenda polisi. Saa sita ilipopita na simu ya mkewe haipokelewi alidhani amedhuriwa, na alitoa maelezo kwa hasira zote za miaka mitatu. Tupokigwe alipomsimulia yaliyotokea, alisikiliza mpaka mwisho, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi. Baadaye mkewe alimsikia analia. Hakumlilia Sekela namna hiyo hata kwenye msiba, maana alikuwa anahangaika na gari la kusafirisha maiti.

Kituoni waliitwa baada ya wiki tatu. Mwanaheri alikuwa ameshahojiwa mara mbili, na alikuwa amekaa kwenye benchi la ukumbini, amekonda, baibui limemzidi. Tupokigwe alipita mbele yake, akaitwa ndani.

Askari aliyeshika jalada alikuwa kijana mpole. Alieleza kwamba kosa la udanganyifu mtandaoni litaendelea kwa upande wa waliochanga pesa, hilo haliko mikononi mwake. Ila kuhusu picha, anahitaji mlalamikaji.

"Wewe ndiye mlalamikaji?"

"Hapana," Tupokigwe alisema.

Askari akamtazama Benson. Benson akamtazama mkewe, halafu akatikisa kichwa taratibu, kuonyesha kwamba naye siye.

"Sasa niandike wewe ni nani?"

"Andika mama wa mtoto."

Kesi ya pesa ilichukua miezi. Zilizokuwa zimezuiwa zilirudishwa kwa waliozituma, na Mwanaheri alihukumiwa kulipa faini na kifungo cha nje. Tunu alirudishiwa elfu kumi yake kwa ujumbe wa simu akiwa anakata sponji. Alisema hajui kama anaitaka. Wengi walishainakili ile picha, na mpaka mwaka uliofuata ilikuwa bado inazunguka kwenye makundi ya Wasapu, mara Rehema, mara Glory, mara mtoto wa Kenya anayehitaji figo. Mwanzoni Tupokigwe alikuwa anamwandikia kila anayeituma. Baadaye aliacha. Hakuna anayeweza kuzima moto wa namna hiyo kwa kikombe.

Mfaume alipona kwa kiasi chake. Mapafu hayakurudi yote. Anatengeneza majokofu madogo, akiwa amekaa, na vitu vizito anamwachia mtu mwingine. Alikuja Yombo mara moja, peke yake, akipumzika kila baada ya nyumba mbili, akasimama mlangoni na kumwambia Benson, "Nimekuja kutoa pole ya mtoto." Walikaa nje wakanywa kahawa bila kuongea sana.

Mwanaheri hajawahi kuja, na Tupokigwe hajawahi kwenda. Wamewahi kuonana sokoni Temeke, kila mmoja na kapu lake, wakasimama hatua chache. Mwanaheri aliinamisha kichwa. Tupokigwe alisema, "Mgonjwa anaendeleaje?" Akajibiwa, "Hajambo." Wakapishana.

Anayepiga simu ni Naima. Anapiga Jumapili, mchana, kwa dakika mbili tatu, anaeleza habari za shule na za kliniki. Mara ya kwanza Tupokigwe aliiachia simu iite mpaka ikakatika. Mara ya pili aliipokea.